Aliyefunga Mianzi: Kumuaga Mzee Mcha Simai wa Boti ya Wageni

Baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi, Ndugu Mcha Simai, baharia wa sitaha katika Kitengo cha Boti za Wageni, anastaafu leo Alhamisi, tarehe 30 Septemba, 1971. Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri atasema sentensi hii alishaisoma katika jarida hili la wafanyakazi. Ni kweli. Iliandikwa mwaka 1969, ikapigwa chapa, na Mzee Mcha hakustaafu. Ikaandikwa tena mwaka jana, ikabadilishwa tarehe na idadi ya miaka, na hakustaafu. Mwandishi wa wasifu huu ameshaichoka, lakini hana nyingine, kwa hiyo anaiandika kwa mara ya tatu na kumwomba Mola iwe ya mwisho.

Mzee Mcha alizaliwa Jambiani, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Ofisi ilizitazama mvi zake ikakadiria 1913, naye hakubisha. Mwaka 1946 aliajiriwa na klabu moja ya mjini, ya watu waliokuwa wakivua kwa starehe na si kwa njaa, aoshe sitaha ya boti yao na atunze fimbo zao za kuvulia, zile zenye gurudumu la kukunjia mshipi. Sisi wa kitengo huziita mianzi, hata zile za chuma, kwa sababu yeye aliziita hivyo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye klabu waliondoka, na boti ikabaki imetia nanga mbele ya mtaa wa Malindi, hapa mjini, haina mwenyewe wala mgeni. Hakuna aliyemwambia Mzee Mcha aendelee na kazi, na hakuna aliyemwambia aache. Kila asubuhi alipiga makasia mpaka kwenye boti, akaiosha mianzi kwa maji baridi aliyoyachukua kwa ndoo kutoka bombani, akaianika, akayapaka mafuta magurudumu, akarudi. Alifanya hivyo kwa miezi minne. Maofisa walipopanda botini kuandika orodha ya vitu, walimkuta anasugua, wakamuuliza nani amemwamuru. Akajibu, "Chumvi haingoji amri." Wakaandika jina lake kwenye orodha pamoja na mianzi, na hivyo ndivyo alivyoingia katika utumishi wa serikali.

Boti ikapewa jina la Umoja na kazi mpya ya kuwatembeza wageni wa serikali, madaktari na wahandisi na wataalamu wa kila fani kutoka nchi rafiki, ambao baada ya kazi ya wiki walipelekwa kuvua karibu na kisiwa cha Bawe, na bahari ikiwa shwari hata Chumbe. Asiyeijua Umoja ajue kwamba ni boti pana, fupi kwa kimo, na sitaha yake ni bapa kama meza. Hulazwa juu yake mianzi kumi na miwili, kila mmoja na ndoana zake, kisha hupandishwa wageni wanane au tisa ambao wengi wao hawajapata kukanyaga boti. Wimbi moja la ubavuni likija, kila kisichofungwa huviringika, na kinachoviringika kina ndoana. Kwa miaka yote ya klabu Mzee Mcha aliifunga mianzi hiyo kwa kamba za usumba alizosokotewa na mkewe, Bi Mwatima, kule Jambiani. Zilifunga vizuri lakini zilichukua muda kufungua, na samaki hangoji.

Mwaka 1966 ndipo ilipotokea habari ya sanduku.

Mishipi ya kuvulia ilikuwa imechakaa, fundo juu ya fundo. Mzee Mcha akamwambia karani aagize mingine kutoka ghala kuu, arubaini, mirefu, imara, inayostahamili maji. Karani akaandika hivyo hivyo kama alivyoambiwa. Mtu wa hapa kwetu akisikia neno mshipi humtazama kwanza anayesema. Akiwa mvuvi, ni uzi wa kuvulia. Akiwa mtu mwingine, ni ule wa kiunoni. Fomu ya ghala haina uso wa kutazamwa. Baada ya wiki tatu likaja sanduku, na ndani yake mishipi arubaini ya ngozi, yenye bizimu za shaba, mirefu ya kuwatosha watu wanene, na bila shaka ya kustahamili maji. Karani huyo ni mimi, na ndiye mimi ninayeandika wasifu huu.

Nahodha alitaka lirudishwe sanduku, nami nilibebe kichwani. Mzee Mcha akautoa mshipi mmoja, akajifunga juu ya shati, akatembea sitahani kutoka mbele hadi nyuma na mikono kiunoni. Tulicheka mpaka nahodha akasahau hasira. Kisha akauvua, akayaangalia matundu yake, akaniuliza kama naweza kumpatia misumari ya shaba. Ilipofika adhuhuri ya siku ya pili alikuwa ameshapigilia mishipi ishirini na minne kwenye sitaha, miwili kwa kila mwanzi, mmoja kwenye kitako na mmoja karibu na ncha. Mwanzi ulilazwa, bizimu ikafungwa juu yake, kila mwanzi na tundu lake kulingana na unene wake. Kufungua kulitaka kidole gumba tu. Wageni waliipenda mpaka wakaipiga picha. Mishipi kumi na sita iliyobaki ndiyo inayoshika suruali za mabaharia wa kitengo hiki mpaka leo.

Kufunga ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kujua nani alale karibu na nani, na hapo Mzee Mcha alikuwa na elimu ambayo sote tuliidharau. Aliipa mianzi majina ya ukoo. Mnene kuliko yote, wa nguru wakubwa na sulisuli, alikuwa Babu, naye alilala nyuma karibu na nahodha, kwa sababu mzee hakalishwi mlangoni. Mwanzi ambao ncha yake hutikisika kabla samaki hajagusa chambo alikuwa Shangazi, na alilala katikati ili asikose habari. Kulikuwa na mmoja ambao gurudumu lake lilikuwa na mkono uliojitokeza na kukamata kila kinachopita. Huyo alikuwa Mama Mkwe. Na mrefu kuliko wote, laini wa ncha, anayeinamia kila upande, alikuwa Mkwe. Mama Mkwe alilala kulia nyuma, na Mkwe kushoto mbele, mbali kabisa. "Mtu na mama mkwewe hawakai mkeka mmoja," alikuwa akisema, "heshima hiyo." Nasi tukicheka. Tulidhani ni mzaha wa mzee anayejiliwaza kwa kazi yake, na hakuna aliyeuandika popote.

Mwezi wa Novemba 1967 Mzee Mcha alishikwa na homa kali. Safari haikuweza kuahirishwa, kwa hiyo aliletwa mwenzetu mmoja wa ghalani, mtu mwangalifu. Akaipanga mianzi kwa urefu, mfupi mpaka mrefu, kama ambavyo angeipanga mtu yeyote mwenye akili timamu, na akaifunga vizuri. Kwa mpango huo Mkwe na Mama Mkwe wakalala ubavu kwa ubavu. Nyuma ya Bawe boti ikayumba mara mbili. Ncha ya mmoja ikaingia kwenye mkono wa mwenzake, mshipi ukafyatuka kwenye gurudumu, ukamwagika baharini na kujizungusha kwenye rafadha mpaka mashine ikazima. Wahandisi tisa walichukuliwa na maji kwa saa tatu. Wakaimba nyimbo zote za kwao mpaka zikaisha. Mmoja wao alikuwa amenaswa na ndoana kwenye makalio ya suruali na saa zote tatu alisimama. Walivutwa na boti ya bandari wakarudi salama, wala hawakulalamika, lakini wakubwa walisikia.

Niliamriwa kuandika ripoti. Nilikuwa kijana bado kazini, napenda maneno mazuri, na nilikuwa na deni la sanduku moyoni. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumlipa Mzee Mcha kwa sifa. Katika fungu la nne nikaandika: "Kazi ya Ndugu Mcha Simai haiwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote." Niliipenda sentensi hiyo. Nilimsomea, akatabasamu, akasema nimemfanya mkubwa kuliko alivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Huyu hakulitia maji. Sifa ndiyo iliyomfunga, na bizimu niliitia mimi.

Mwaka 1968 Mzee Mcha alileta barua ya mstari mmoja. "Nimechoka, naomba kwenda kwetu." Jibu lilikuwa la kurasa mbili, na ndani yake limenukuliwa fungu la nne la ripoti yangu, neno kwa neno. Jibu hilo nililipiga chapa mwenyewe. Ilipofika sentensi yangu vidole vilikwenda vyenyewe, maana nilikuwa nimeihifadhi.

Mwaka 1969 umri wake ulikubaliwa, tarehe ikawekwa, wasifu ukatoka, na nyuma ya ofisi sufuria la pilau likapanda jikoni. Bi Mwatima alikuja kutoka Jambiani kwa gari la asubuhi, na kikapu cha kumbebea mumewe vitu vyake. Saa nne simu ikalia kwamba ujumbe wa wageni umefika siku moja kabla ya siku yake. Pilau ikapelekwa botini kwa wageni. Mzee Mcha akaingia sitahani na kanzu mpya aliyoshonewa kwa ajili ya kuagwa, akaipandisha magotini, akainama. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa hakukuwa na pilau, kwani mchele ulikuwa wa kupanga foleni. Bi Mwatima alikaa kwenye benchi la ofisi mpaka alasiri na kikapu kitupu mapajani. Alipoinuka aliniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu mume ni wangu au wenu?" Nikakipokea kikapu, nikamsindikiza mpaka kwenye gari.

Nisemeje kuhusu uchovu wake? Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini kazi ya sitaha ni kazi ya kuinama, na magoti yake yalikwisha. Miaka hii miwili alisali amekaa kwenye kreti la soda. Kushuka kutoka gatini mpaka botini kulimchukua muda mrefu kuliko kuifunga mianzi yote, na mabaharia walijifanya wanatafuta kitu mpaka awe ameshuka. Jioni alipokuja kutia saini kitabu, alisimama kwanza mlangoni na kushika mwimo wa mlango, akipumua. Wengi wetu tuliona, tukaenda zetu nyumbani. Mimi nakaa Kikwajuni, nilifika, nikapika, nikala, nikalala. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwezi wa Machi mwaka huu alianguka. Alikuwa anaifunga bizimu ya Babu, goti likakataa, akalala chali kati ya mianzi, bahati nzuri yote ikiwa imeshafungwa. Tukakimbia, kila mtu na mkono wake wa kumwinua. Akatuzuia. "Hebu niacheni kidogo," alisema huku anaangalia mawingu. "Tangu mwaka uanze sijalala kabla ya alasiri." Mabaharia walicheka, na yeye alicheka. Mimi niliona aibu. Niliona aibu mpaka sikuweza kurudi mezani pangu, nikapanda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kitengo, Ndugu Mkadam.

Ndugu Mkadam si mtu mbaya, na naandika hivi si kwa sababu atausoma wasifu huu. Alifungua jalada, akaligeuza upande wangu. "Kidawa, mimi namwonea huruma kuliko wewe. Lakini maneno haya si yangu, ni yako. Boti ikichukuliwa na maji tena, wataniwekea karatasi hii mbele ya uso." Halafu akasema jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. "Nletee mtu anayeweza. Siku hiyo hiyo natia saini."

Mtu alikuwepo. Usi, baharia wetu wa miaka kumi, baba wa watoto wanne, mwenye mikono mizuri na magoti mazima. Kilichokosekana ni kwamba hakujua, na kila alipojaribu alikosea. Mwaka jana tulishamwandikia namba sitahani kwa rangi nyeupe, moja mpaka kumi na mbili. Chumvi ikaila rangi kabla ya mwezi kwisha. Na hata ilipokuwepo haikusaidia, kwa sababu mwanzi mmoja ukipelekwa kutengenezwa, Usi aliisogeza yote iliyobaki ili kuziba pengo, na mambo yakaharibika upya. Namba humwambia mtu mahali pa kulaza. Hazimwambii sababu.

Basi nikashuka mwenyewe botini. Mabaharia walikuwa hawajapata kumwona mwanamke na buibui amechuchumaa sitahani na daftari, lakini siku hiyo waliona. Nilimuuliza Mzee Mcha kila mwanzi ni nani wa nani. Nilidhani atanitania. Hakunitania hata kidogo. Alinieleza ukoo mzima kuanzia Babu, nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi, nani hasemi na nani tangu ugomvi wa harusi fulani, na kila ugomvi ulikuwa ni ndoana fulani iliyowahi kunasa mshipi fulani katika miaka ishirini na mitano. Ule haukuwa mzaha. Ilikuwa kumbukumbu ya kila ajali, imewekwa kwa namna ambayo mtu wa kwetu hawezi kuisahau. Nikachora ukoo kwenye daftari, nikampa Usi. Akausoma akacheka, kisha akasema, "Kumbe! Mbona hakusema?" Alisema, Usi. Alisema kila siku.

Miezi mitatu Usi alijifunza. Mwezi wa Agosti Ndugu Mkadam aliteremka gatini kumjaribu. Mzee Mcha tulimpeleka akanywe kahawa, maana macho yake yangemwelekeza mwanafunzi bila ya yeye kutaka. Nilivuruga mianzi yote kumi na miwili kwa mikono yangu. Usi akasimama, akanong'ona majina kama mtu anayekaribisha jamaa mlangoni, akaanza kuilaza mmoja mmoja. Hakukosea. Ndugu Mkadam akaitikisa boti kwa mguu, akaangalia, akaniambia nikaandike.

Nikaketi kuandika. Wenzangu, kuna sentensi ndogo ambazo ni nzito. "Kazi ya Ndugu Mcha Simai inaweza kufanywa na mtu mwingine." Niliondoa neno moja tu katika ile ya zamani na kugeuza kitenzi, na ilinichukua asubuhi nzima. Sikutaka aisikie kwa mwengine, kwa hiyo nilimwita nikamsomea. Alikuwa amesimama ameshika mwimo wa mlango. Mtu aliyeomba jambo kwa miaka mitatu hupewa, halafu huona lilivyo. Nilitaka kuongeza mstari wa kumsifu chini yake, nikamuuliza niongeze nini. "Usiongeze," alisema. "Ndivyo ilivyo. Nshachoka, Bi Kidawa. Andika hivyo hivyo." Akatoka, na nikamsikia anateremka ngazi, mguu mmoja, akipumzika, kisha wa pili.

Yaliyobaki ni ya Jumatatu iliyopita, na nayaandika kwa sababu barua ya kustaafu imeshatiwa saini na muhuri, na nakala yake nimemkabidhi Bi Mwatima mkononi. Ndugu Mkadam akiisoma aya hii, karatasi itakuwa imeshafika Jambiani.

Jumatatu ilikuwa safari ya kwanza ya Umoja bila Mzee Mcha. Wageni walikuwa wanane, madaktari. Bahari ilikuwa shwari, na boti ilikuwa haiendi mbali, mpaka Changuu na kurudi. Mzee Mcha alikuja gatini na koti lake, akasimama upande wangu. Nilikuwa na kitabu cha safari, ambacho karani hutia ndani yake maneno kabla kamba haijafunguliwa. Ndugu Mkadam alikuwa hatua mbili nyuma yetu anazungumza na daktari mmoja. Usi alikuwa na haraka na wasiwasi wa siku ya kwanza, wageni wanampita mbele na nyuma, mmoja anataka apigwe picha na Babu. Akaichukua mianzi miwili ya mwisho. Akailaza yote miwili upande wa kulia, mmoja karibu na mwenzake, akaifunga bizimu, akanyanyua mkono kwa nahodha.

Mkwe alikuwa amelala ubavuni mwa Mama Mkwe.

Niliona. Siku hizi najua ukoo ule kuliko wangu. Nikamtazama Mzee Mcha, naye alikuwa ameshaona kabla yangu. Kifua chake kilijaa pumzi na mdomo ukafunguka. Neno moja lilitosha. Usi angesikia, angesahihisha, na Ndugu Mkadam angesikia pia, na angefanya kile ambacho mkuu yeyote mwaminifu angefanya, yaani kusema kwa masikitiko kwamba tungoje kidogo, labda mpaka baada ya Ramadhani, labda mpaka mwakani. Mzee Mcha alijua hayo yote. Nilimwona anayajua. Mikono yake ilikwenda nyuma ya mgongo ikashikana, na ule mdomo ukafunga. Taya zake zilitafuna kitu ambacho hakikuwepo. Kamba ikafunguliwa. Boti ikatoka.

Nikafungua kitabu, na kwa mwandiko wangu ulio bora nikaandika: "Mianzi kumi na miwili, yote mahali pake."

Walirudi saa tisa na kolekole watatu, wageni wakiwa wamefurahi. Mshipi wa Mkwe ulikuwa umesokotana vibaya, na Usi alikaa naye sitahani mpaka magharibi akiufumua peke yake, na hakuna aliyemuuliza. Alipomaliza, alimlaza Mkwe kushoto mbele, pake. Mzee Mcha hakuwepo kuona. Alikuwa ameshakwenda kulala, mchana, kabla ya alasiri.

Kwa niaba ya nahodha, mabaharia, ofisi na Ndugu Mkadam, tunamshukuru Ndugu Mcha Simai kwa miaka ishirini na mitano. Tunamshukuru Bi Mwatima, ambaye tumemkopa mume muda mrefu na tunamrudisha na magoti mabovu, atusamehe. Usi tunamwombea akosee kidogo kidogo na ajifunze. Mimi kwa nafsi yangu naomba radhi, hadharani, kwa sentensi moja niliyoiandika kwa mapenzi. Mzee wetu, tunakutakia Ramadhani njema nyumbani, siha, na kulala mchana bila ya mtu kukuamsha. Gari la Jambiani linaondoka saa nane, na kikapu tumekutilia sisi wenyewe vitu vyako. Mambo yatakwenda mrama huku, tunajua, na unajua. Safari hii hatutakuita.